Vitundu katika mchomeleo wa MIG: kupitisha mstari wa pili juu yake si tiba

SWALI: Ninatengeneza fremu ya trela kwa chuma laini cha unene wa milimita 6, nikichomelea kwa MIG, yaani mashine inayolisha waya huku ikipuliza gesi ya kukinga chuma kilichoyeyuka. Natumia waya mtupu usio na unga wa milimita 0.9, na gesi ya mchanganyiko wa argoni asilimia 75 na kaboni dioksidi asilimia 25. Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri, lakini sasa kila mstari unatoka na vitundu, na mahali pengine vimekusanyika kama sega la nyuki. Nimepandisha gesi kutoka lita 14 hadi 28 kwa dakika, na badala ya kupungua vitundu vimezidi. Fundi mwenzangu ananishauri nisage juu kwa grainda kisha nipitishe mstari wa pili, akisema vitajifunika vyenyewe. Je, nifuate ushauri huo?

JIBU: Usiufuate. Swali hili hunifikia mara kwa mara, na karibu kila anayeliuliza ameshapewa ushauri huo huo na mtu anayejiamini sana. Kitundu unachokiona juu ni mdomo tu wa njia ambayo gesi iliitumia kutoka wakati chuma kinaganda, na chini yake huwa kuna vingine ambavyo havikuwahi kufika juu. Mstari wa pili hauyeyushi chuma hadi vilipo vyote. Vile vya juu kabisa huzibwa, vya chini hubaki, na mara nyingi gesi iliyofungiwa humo hupata joto, hutanuka na kutoboa mstari mpya kabla haujaganda. Ndiyo maana wanaofuata njia hii husaga na kupitisha tena mara ya tatu na ya nne, huku wakizidi kukipasha chuma joto na kukipinda, na mwishowe wanapaka puti na rangi. Hapo kilichoondolewa ni ushahidi, kasoro ingalipo.

Kuhusu gesi, kuongezeka kwa vitundu baada ya kufika lita 28 hakupaswi kukushangaza. Gesi inayotoka kwa kasi kupita kiasi kwenye nozeli ya kawaida, yaani mdomo wa tochi ya kuchomelea, haitulii juu ya chuma kilichoyeyuka, bali huzunguka na kuvuta hewa ya pembeni iingie ndani yake. Naitrojeni ya hewa hiyo huyeyuka ndani ya chuma cha moto, na chuma kinapoganda hulazimika kutoka, ikiacha vitundu. Kwa waya wako na kazi ya ndani, lita 12 hadi 18 kwa dakika zinatosha. Rudi ulipokuwa.

Kwa kuwa ulianza vizuri na mambo yakaharibika baadaye, tafuta kilichobadilika. Vua nozeli uangalie ndani yake kwenye mwanga. Mara nyingi utakuta pete ya matone ya chuma yaliyoganda, na nyuma yake matundu madogo ya kutawanyia gesi yamezibwa nusu, kiasi kwamba gesi hutoka upande mmoja tu. Kisha angalia uvujaji: fungua mtungi mpaka mpira ujae, ufunge bila kubonyeza tochi, na utazame mshale wa geji. Ukishuka, kuna tundu kati ya mtungi na vali iliyo ndani ya mashine, na maji ya sabuni yatakuonyesha lilipo. Jaribio hili, hata hivyo, haligusi sehemu iliyo baada ya vali, yaani kebo ya tochi na pete zake za mpira, na hapo ndipo wengi hudanganyika kwa sababu geji inaonyesha lita 14 huku zinazofika kwenye nozeli ni chache mno. Kipimo kidogo cha mtiririko kinachowekwa kwenye mdomo wa nozeli humaliza ubishi huo. Kagua pia feni au mlango ulio wazi karibu nawe, umbali kati ya ncha ya shaba inayotoa waya na kazi, ambao usipite sana milimita 12, na mwinamo wa tochi, ambao ukizidi nyuzi 15 huanza kuvuta hewa kutoka nyuma.

Mpangilio wa vitundu wenyewe hueleza mengi. Vikienea mstari mzima, shuku gesi; vikijitokeza mahali fulani tu, shuku kutu, mafuta, rangi au zinki. Vikiwa virefu kama njia za minyoo kwenye maungio ya bamba juu ya bamba, kuna uchafu uliobanwa katikati ambao hauna pengine pa kutokea isipokuwa ndani ya mchomeleo. Safisha hadi chuma king'ae, angalau milimita 25 kila upande. Tafadhali usisafishie dawa ya kupuliza ya breki yenye klorini, kama wengine wanavyofundisha: joto na mionzi ya tao la umeme huigeuza klorini hiyo kuwa fosijeni, gesi ya sumu inayoweza kuua.

Mchomeleo ulioharibika usagwe wote mpaka ufike kwenye chuma kisicho na kitundu hata kimoja, kisha uchomelewe upya baada ya chanzo kuondolewa.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi kuliko vitundu vyako. Vitundu angalau vinaonekana. Anayepitisha mstari juu ya mstari kwa moto mdogo, ili usitoboe na uonekane nadhifu, hutengeneza chuma kilicholala juu ya bamba bila kushikana nalo, na hakuna jicho litakaloligundua hilo kwa nje. Bamba la milimita 6 kwa waya wako huhitaji karibu ampia 180. Chini sana ya hapo unapamba tu. Hata AWS D1.1, kanuni ya Marekani ya kuchomelea miundo ya chuma, haiuhesabu uchomeleaji wa MIG wa volti ndogo, ambao waya hugusa na kukatika mfululizo, miongoni mwa taratibu zinazokubaliwa bila kufanyiwa majaribio kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya kurudi kwenye fremu, chukua vipande viwili vya bamba hilo hilo, viunge kwa umbo la T, chomelea upande mmoja tu kwa mipangilio ile ile, vibane kwenye jiliwa, na ukipige kile kilichosimama kielekee upande uliochomelewa, ili kiungo kifunguke kuanzia kwenye shina la mchomeleo, pale ndani bamba zinapokutana. Ukiona ukingo wa bamba bado umenyooka, na alama za msumeno zikiwapo, joto halikuingia. Ukiona chuma kimechanika kwa ukali na kubeba sehemu ya bamba, endelea.

Michomeleo yote uliyofanya tangu vitundu vianze, hasa ya mkono wa kuvutia trela na ya vishikio vya springi, isage yote, uikague kwa rangi ya kupenya, ile inayoingia kwenye nyufa na vitundu na kuvionyesha, na usipakie mzigo wowote kabla hujaichomelea upya.