Ukivuja Mkojo Baada ya Kuzaa, Anza na Misuli Kabla ya Kisu

Wanawake wanaovuja mkojo wakikohoa au wakicheka huambiwa jibu moja: zoea, umeshazaa. Ni kweli tuko wengi, lakini wingi wetu haumaanishi hakuna tiba. Mimi, niliyekuwa nikipanda matatu za Thika Road na pedi za akiba mkobani baada ya mtoto wa pili, nilitibiwa bila kukatwa popote.

Kwanza ujue unavuja vipi. Kuna mkojo unaotoka ukipiga chafya au ukiinua mtungi wa maji. Kuna na ule unaokubana ghafla, ufunguo ukiwa bado mlangoni. Tiba zake hutofautiana kiasi, na wengine tuna shida zote mbili. Kwa siku tatu andika umekunywa nini, umekojoa saa ngapi, umevuja ukifanya nini. Daftari langu lilifichua chai: kila nikiongeza kikombe jioni, usiku sikulala. Kupunguza chai na kahawa husaidia huo mkojo wa ghafla. Maji usijinyime, mkojo mzito huwasha kibofu.

Kisha mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu kwa chini. Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliyaandikia tangu 1948, na utafiti umeyapima mara nyingi. Uchambuzi wa mwaka 2018 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tiba, ulijumlisha majaribio 31. Kati ya wanawake wanaovuja wakikohoa, waliofundishwa mazoezi walisema wamepona 56 katika kila 100. Wasiofundishwa, 6 tu.

Neno la kushika hapo ni "waliofundishwa". Video za simu hazioni unachokaza. Tafuta mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, anayeshughulikia nyonga. Hospitali kubwa za jijini wanao, ila uliza mapema kwa sababu si kila mmoja hufanya kazi hiyo. Wangu alivaa glavu, akaniomba ruhusa, akaingiza kidole ukeni na kusema, "Kaza kama unazuia ushuzi mbele ya wakwe." Nilicheka hadi nikavuja. Tulipotulia akaniwekea mkono tumboni: tumbo lilegee, makalio yasibane, pumzi isikatike. Misuli inapanda juu. Ukihisi unasukuma chini, acha uanze upya. Angalau mikazo minane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Na ukitaka kukohoa, kaza kwanza.

Miezi mitatu ni mirefu, najua. Ndiyo maana biashara ya majani ya kujifukiza na dawa za kukaza uke inanoga mitandaoni. Pesa hizo lipia fiziotherapia.

Mazoezi yakishindwa, upasuaji upo, na huwasaidia wengi. Ila muulize daktari: ni wa aina gani, na utaniwekea wavu wa plastiki? Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru wavu unaowekwa kupitia ukeni kutibu kibofu kilichoshuka, shida tofauti na kuvuja, usiuzwe tena. Kibofu au kizazi kikishuka, uliza pia kuhusu pete ya kuvaliwa ukeni.

Lakini ikiwa ulikaa na uchungu wa kuzaa muda mrefu na sasa mkojo unatiririka mchana na usiku bila kukoma, usianze mazoezi. Huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na tundu hilo hushonwa. Nenda Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, uulize kuhusu kambi za fistula.