Kwa nini Ford Falcon ya kwanza ya Australia ilikuwa inaachia mguu wa mbele?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nasikia Falcon ya 1960 ilikuwa inaangukwa na miguu (magurudumu) ya mbele ikiwa safarini. Ni kweli au ni maneno ya washabiki wa Holden, magari yanayoshindana na Ford kule? Na ile ya 1965 inayosifiwa, walibadilisha nini?

JIBU: Ni kweli, ingawa washabiki wa Holden waliongeza chumvi. Falcon XK, yaani toleo hilo la kwanza, ilitoka Septemba 1960 katika kiwanda cha Broadmeadows, karibu na Melbourne. Injini ilikuwa silinda sita, lita 2.4. Tatizo ni kwamba lilikuwa gari la Marekani lililohamishiwa usukani kulia, limesanifiwa kwa lami. Barabara za ndani ya Australia wakati huo zilikuwa za changarawe, zenye vijituta vilivyopangana kama bati la nyumba.

Sasa angalia muundo wake. Springi ya koili imekaa juu ya amu ya juu (amu ni mikono ya chuma inayoshikilia gurudumu kwenye bodi), siyo amu ya chini. Kwa hiyo kila pigo la tairi linapita kwenye boljointi ya juu, kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachounganisha amu na gurudumu, kabla halijafika kwenye springi. Boljointi hiyo ndiyo iliyobeba mzigo, na ndiyo iliyokuwa nyembamba. Ikichakaa, inachomoka kwenye kikombe chake na gurudumu linalala.

Ukiwa na gari la mpangilio huo, usipime uchezaji kwa kuweka jeki chini ya amu ya chini. Boljointi itabaki imebanwa na springi na utadhani ni nzima. Bana kipande cha mbao ngumu kati ya amu ya juu na bodi gari likiwa bado chini, kisha inua kwa jeki chini ya fremu. Tia mtaimbo chini ya tairi, sukuma juu. Halafu shika tairi juu na chini, litikise. Ukisikia mlio wa kugonga, mtu mwingine aangalie kama unatoka kwenye boljointi au kwenye beringi ya gurudumu, maana hizo mbili huchanganywa sana.

Ford waliimarisha hatua kwa hatua kwa matoleo yaliyofuata: XL ya 1962, XM ya 1964, kisha XP ya 1965. Hii ya mwisho ndiyo iliyotibu ugonjwa kwenye bodi yenyewe: waliongeza visanduku vya chuma vinavyounganisha reli za mbele (mihimili ya chuma inayobeba sehemu ya mbele) na sakafu, ili mwili wa mbele usijipinde. Kurudisha imani ya wanunuzi, walizungusha magari matano kwenye uwanja wa majaribio wa You Yangs mfululizo siku tisa, jumla ya maili 70,000 (kama kilomita 113,000), kwa wastani wa zaidi ya maili 70 kwa saa. Baadhi yalipinduka, yakanyooshwa, yakarudi barabarani.

Ukitaka kununua ya zamani, basi, tafuta XP. XK ni nzuri kwa maonyesho.