Mbwa wa manyoya marefu: saluni au beseni la nyumbani?

Dada, umeuliza kama hako kambwa kako ka manyoya marefu ukapeleke saluni Kampala kila mwezi au ukaogeshe mwenyewe, mimi nasema osha mwenyewe tu, saluni iwe mara moja moja kwa kunyoa na kucha. Ila wengi wanakosea hapa, wanamwagia maji kwanza halafu ndo wachane, hapana, chana angali mkavu, manyoya yaliyosokotana yakilowa yanakaza kama kamba hata chanuo halipiti, wangu hapa Entebbe alifungana nyuma ya masikio mpaka ikabidi anyolewe kipara, alikuwa kama panya jamani. Shampuu yako usimpake, ngozi ya mbwa si kama yetu, nunua ya mbwa kwenye duka la dawa za mifugo. Maji ya vuguvugu, masikioni yasiingie, na ukimkausha pekua katikati ya vidole, kupe wanapenda kujificha humo. Kila wiki 4 hadi 6 inatosha, hata na hili vumbi letu jekundu, siku zingine brashi tu. Kucha nyeusi usiguse kama mkono unatetemeka, ndani kuna mshipa na ukiukata damu itakutisha.