Unaanza udaktari? Usikimbilie anatomia sasa hivi, kuna mambo ya kufanya kwanza

Hongera sana mdogo wangu kwa kupata nafasi. Umeuliza mengi kwa mkupuo mmoja: uanze kusoma anatomia, yaani maumbile ya mwili, sasa kabla chuo hakijafunguliwa au usubiri, ununue vitabu gani, laptopu gani, stetoskopu gani ya kusikilizia moyo na mapafu, halafu mwishoni kabisa ukasema kinachokunyima usingizi ni ile habari ya kupasua maiti darasani. Mimi huko nimepita mpaka nikamaliza, na baada ya hapo nimekaa na wa mwaka wa kwanza wengi kwenye diskasheni, kwahiyo nakujibu kwa nilichokiona kwa macho. Itakuwa ndefu, nivumilie.

Kusoma mapema, hapana. Najua unawashwa, umepata nafasi na miezi iko mitupu mbele yako, ila kiukweli hujui hata chuo kitaanzia wapi. Kuna vyuo vinafundisha somo kwa somo, anatomia peke yake, fiziolojia (mwili unavyofanya kazi) peke yake, na kuna vinavyofundisha mfumo kwa mfumo, yaani mnaingia kwenye moyo mnasoma umbo lake, unavyofanya kazi na magonjwa yake kwa pamoja. Utajifungia ndani na mifupa ya fuvu wiki nzima, chuo kianze na mkono, ya fuvu utakuja kuyakuta tena yameshakutoka yote kichwani.

Halafu kuna kitu watu hawaambiwi. Mwaka wa kwanza wa udaktari kwa sehemu kubwa sio mgumu kwa maana ya kutoelewa, chukua mada moja moja, kaa nayo kwa utulivu, utaielewa, usingepata nafasi kama kichwa hakipo. Kinachoangusha watu ni wingi. Mifupa ya mtu mzima ni 206 na hutakiwi kujua majina tu, unatakiwa ujue kila kijitundu kinapitisha neva gani na mshipa gani, misuli nayo kila mmoja unaanzia wapi unaishia wapi unaamrishwa na neva ipi, na wiki hiyohiyo biokemia wanakudai njia za sukari mwilini, histolojia (tishu zinavyoonekana kwa hadubini) wanakuwekea slaidi za rangi ya waridi na zambarau zinazofanana zote, na embriolojia (mtoto anavyojiumba tumboni) inakusubiri. Mtu aliyezoea kushinda mitihani kwa kusoma daftari lote mara mbili tatu kabla ya pepa anajikuta hata mara moja halimaliziki. Nimeona vijana wenye akili kweli, waliokuwa wanaongoza darasa huko walikotoka, wanakaa wanalia maktaba mwezi wa pili tangu chuo kianze, na hawakuwa wavivu hata kidogo, namna yao ya kusoma ndo ilikuwa haibebi huo mzigo.

Kwahiyo kama una muda sasa hivi, jifunze KUSOMA, usihangaike na kusoma anatomia. Namaanisha hivi. Ukisoma ukurasa, funga kitabu, chukua karatasi tupu, andika au chora ulichokumbuka, ndo ufungue uone ulichoacha. Inachosha, inaudhi, na unajiona mjinga kabisa mwanzoni, ndo maana watu wengi wanarudi kwenye kupaka rangi mistari na kurudia kusoma maana ile inakupa raha ya kuona unaijua. Kuna utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa mwaka 2006, waliwapa wanafunzi maandishi, kundi moja likarudia kusoma, jingine likajipima bila kuangalia. Wakipimwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, lakini baada ya wiki moja waliojipima ndo waliokumbuka zaidi, na sio kwa kidogo. Sasa mtihani wako hautakuwa baada ya dakika 5.

Nikupe mfano halisi. Kuna mtandao wa neva za mkono unaitwa brakiali pleksasi, huo utakutana nao popote duniani ukisoma udaktari. Unaanzia shingoni, mizizi mitano C5 mpaka T1 (majina ya neva kufuata pingili za uti wa mgongo zinapotokea), inaungana kuwa vigogo vitatu, kila kigogo kinagawanyika viwili vinakuwa vipande sita, vinajiunga tena kuwa kamba tatu, halafu yanatoka matawi makuu matano. Ukiuangalia kwenye picha unasema aah rahisi. Ukifunga kitabu unashindwa hata kuanza. Mimi nilikuwa nauchora kila asubuhi kabla ya lekcha, nyuma ya karatasi yoyote iliyokuwa karibu, bila kuangalia, nikikwama naacha wazi, nikimaliza naangalia nilipokwama. Siku za mwanzo ilikuwa vurugu tupu, baadaye mkono ukawa unachora wenyewe. Na faida yake niliiona wodini miaka kadhaa mbele, mgonjwa kavunjika mfupa wa juu ya mkono katikati, kiganja kinaning'inia hawezi kukiinua, wenzangu wanatafuta kwenye simu mimi nilishaiona neva ya radiali, moja ya yale matawi matano na ndo inayoinua kiganja, ilivyojizungusha nyuma ya ule mfupa. Kitu cha mwaka wa kwanza hicho.

Na ukishajipima leo, rudia kesho, rudia baada ya siku tatu, baada ya wiki, unaongeza nafasi taratibu. Kuna programu za kadi, swali upande mmoja na jibu upande wa pili, zinazokupangia hayo zenyewe, Anki ndo maarufu zaidi, jifunze kuitumia SASA ukiwa huna presha, weka hata msamiati wa lugha unayojifunza, ili chuo kikianza usipoteze muda kuhangaika na mipangilio. Ila kuwa makini, usipakue mafurushi ya makadi elfu na elfu ya watu wengine ukadhani ndo umesoma, utaamka asubuhi kadi mia saba zinakusubiri na nusu yake chuo chako hakifundishi.

Kama roho haitulii kabisa bila kugusa anatomia basi jifunze lugha ya pande tu. Mwili unaelezwa mtu akiwa amesimama wima, viganja vimeangalia mbele, na kulia ni kulia kwa MGONJWA, sio kwako unayemwangalia. Mbele na nyuma, karibu na mstari wa kati na mbali nao, juu na chini, hayo maneno yake ya kitaalamu ukiyajua lekcha ya kwanza haitakupita. Inatosha hapo.

Sasa jambo ambalo hukuuliza na ndo lenye haraka kuliko yote. CHANJO. Ya homa ya ini B ratiba yake ya kawaida ni dozi tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita kutoka ile ya kwanza. Piga hesabu mwenyewe, ukisubiri mpaka chuo kifunguliwe ndo uanze, unaweza kuingia wodini kuchoma watu sindano hujamaliza kinga. Vyuo vingi vinadai uthibitisho kabla hujagusa mgonjwa. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho unapimwa damu kuona kama kinga imejengeka, kiwango kinachotakiwa ni 10 mIU/mL (kipimo cha wingi wa kinga kwenye damu) au zaidi, na kuna watu wachache mwili haujibu ikabidi warudie, ndo maana usichelewe. Ulizia na surua, tetekuwanga, pepopunda na kipimo cha TB, kila chuo kina orodha yake, waandikie uipate mapema. Na kadi yako ya chanjo za utotoni itafute leo nyumbani, piga picha, hifadhi sehemu mbili. Utaombwa hiyo kadi kila utakapoenda mafunzo kwa vitendo, miaka yote.

Vitabu, usinunue kitu mpaka ufike. Orodha ya chuo huwa ndefu, lakini vinavyotumika kweli utaambiwa na wa mwaka wa pili ndani ya siku mbili, na vingi viko maktaba. Kimoja tu ambacho naona kina thamani kuwa nacho mkononi ni atlasi nzuri ya picha za anatomia, na hiyo hata toleo la nyuma halina shida, mfupa wa paja haubadiliki kwa miaka mitano. Vya dawa na matibabu ndo chukua toleo jipya, hivyo vinabadilika kweli.

Laptopu, yoyote inayofungua PDF na video bila kugoma, betri ikae lekcha nzima, usiwe mzigo wa kubeba. Basi. Kibao cha kuchorea ni kizuri kama unaweza ila watu wamefaulu kwa karatasi. La muhimu kuliko yote weka nakala ya kazi zako mahali pengine nje ya hiyo mashine.

Stetoskopu usinunue bado. Chuo kingine utaihitaji muhula wa kwanza, kingine mwaka wa tatu. Ukifika wakati, ya kawaida yenye pande mbili inatosha, upande wa utando mpana kwa sauti za juu kama pumzi, upande wa kikombe kwa sauti nzito za chini kama baadhi ya milio ya moyo. Yale ya kielektroniki waachie wenye uhitaji maalumu. Na kama usikivu wako una shida hayo ndo yametengenezwa kwa ajili yako, usikubali mtu akwambie udaktari haukufai. Hata ukiwa na shida nyingine yoyote, pumu, kifafa, sonona, kusoma maandishi kwa taabu, nenda ofisi ya wanafunzi wiki ya kwanza kabisa uwaambie. Kusaidiwa kabla ya mtihani ni rahisi, kukata rufaa ukishafeli ni vita.

Haya tuje kwenye maiti, maana naona ndo inakusumbua.

Kuogopa ni kawaida na usimwamini anayekwambia yeye hakuhisi chochote. Kitakachokupokea kwanza ni harufu ya formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, inawasha macho na pua hata kabla hujaona kitu. Kama unavaa lenzi za machoni siku hizo vaa miwani. Glavu za nitrili ni bora, zile za mpira wa kawaida dawa inapenya haraka, badilisha ukiona zimelowa. Viatu vya kufunika mguu mzima, nywele fungwa nyuma, nguo ambazo hutazionea huruma maana harufu inang'ang'ania. Na KULA kabla ya kuingia. Watu wanaoanguka mle ndani wengi nilioona walikuwa hawajala wakidhani hivyo hawatatapika, halafu wanasimama wamekaza magoti saa nzima. Ukiona jasho jembamba linakutoka na masikio yanavuma, rudi nyuma, kaa chini sakafuni, usione aibu. Walimu wameshazoea.

Mara nyingi uso unafunikwa na mnaanzia sehemu kama kifua au mgongo. Kwangu kilichonishika hakikuwa uso, ilikuwa mikono, kucha zilikuwa zimekatwa vizuri na nikawaza huyu mtu alijikatia mwenyewe au kuna aliyemkatia. Tulisimama pale kimya kidogo mwalimu hakutuharakisha. Baada ya wiki mbili tatu unajikuta unafanya kazi, unatafuta mshipa, akili imetulia, lakini heshima isitoke. Sehemu nyingi yule ni mtu aliyeamua akiwa hai kuutoa mwili wake ili wewe ujifunze. Simu isiingie mle, picha hata moja usipige, hata ya glavu zako, watu wamefukuzwa chuo kwa hilo na mimi naona ni haki kabisa. Na kama ikikurudia usiku ukashindwa kulala kwa siku nyingi, ongea na mwalimu au mshauri wa wanafunzi, usijikaze kimya.

Mengine kwa haraka. Hela: ada sio gharama yote, kuna koti jeupe, vifaa vya kupasulia, uchapishaji, nauli za kwenda hospitali za mafunzo, na ukishaingia miaka ya wodini likizo zinapungua sana kwahiyo ule mpango wa kufanya kazi likizo uwe wa kujazia tu, usiutegemee. Usingizi: usiutoe sadaka, kumbukumbu ya ulichosoma mchana inajengwa ukiwa umelala, kukesha usiku wa kuamkia mtihani wa kutambua viungo ni kujiumiza. Pia utasoma ugonjwa fulani na utaona dalili zote unazo, hiyo inawapata wengi, ukiwa na wasiwasi kweli nenda kapimwe kama mtu mwingine yeyote.

Na nyumbani. Ongea nao sasa kabla hujaondoka. Waambie kuna wiki utapotea kwenye simu na haimaanishi umewasahau, panga siku moja ya kuongea nao na uishike. Wataanza kukuita daktari kesho yake na watakutumia picha za vipele na majina ya dawa wakitaka ushauri, jibu lako miaka ya mwanzo liwe moja tu, waende hospitali. Usimwandikie mtu dawa hata awe mama yako mzazi.

Matokeo ya kwanza yakitoka na ukajikuta katikati ya darasa, hapo ndo penyewe, kila aliyemo mle alikuwa wa kwanza mahali fulani. Ukifeli jaribio la kwanza, nenda kwa mwalimu wiki hiyohiyo na karatasi yako, mwonyeshe unavyosoma, sio ulichosoma tu. Na kundi la diskasheni tafuta la watu watatu au wanne, mkae mnaulizana maswali midomo wazi vitabu vimefungwa. Likizidi hapo linageuka kijiwe.

Ile ratiba ya chanjo anza nayo kesho asubuhi, na ukipata orodha ya chuo iweke hapa nikuangalizie kipi cha kununua na kipi cha kuacha.