Maswali na majibu: dhahabu, mafao ya uzeeni na bei zinazopanda

Mimi ni mwalimu hapa Moshi, mwakani natimiza miaka 60. Nikinunua dhahabu kwa mafao yangu yote ya mkupuo, si nitakuwa nimejikinga na mfumuko wa bei?

Shikamoo, Mwalimu. Yote, hapana, nakusihi. Dhahabu hulinda thamani kwa muda mrefu, ila muda huo haupangi wewe. Aliyenunua Januari 1980, wakia moja (gramu 31 hivi) ilipofika dola 850 hivi, mwaka 2001 aliikuta chini ya dola 300, na katika miaka hiyo bei za vitu Marekani zilikuwa zimeshapanda zaidi ya mara mbili. Kijana anaweza kuvumilia anguko la namna hiyo. Mstaafu atakula nini?

Halafu dhahabu haitoi riba. Ada ya mjukuu ikifika, itabidi uuze, hata kama wiki hiyo bei iko chini. Kwa maoni yangu, sehemu moja ya kumi inatosha. Kwa fungu kubwa, ulizia benki yako hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba: unaanza na shilingi 1,000,000 na riba inalipwa mara mbili kwa mwaka. Riba hiyo haibadiliki, kwa hiyo bei za vitu zikiruka itapungua nguvu, na hapo ndipo ile sehemu ya kumi ya dhahabu inapokufaa. Ila kabla ya yote hayo, tenga matumizi ya miezi kadhaa mahali pa kuchukua haraka, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayowekeza fedha za wengi kwa pamoja.

Nafanya biashara soko la Kilombero, Arusha. Kila nikipata faida naongeza bangili au mkufu. Hiyo si akiba ya uzeeni?

Ni akiba, mama, ila uijue bei yake halisi. Siku ya kuuza, sonara atang'oa vito, atasugua bangili kwenye jiwe jeusi, atadondoshea tindikali kwenye ule mstari aangalie kama unafifia, ndipo aweke kwenye mizani. Analipia dhahabu tu. Ufundi uliolipia siku ya kununua umepotea. Pete ya gramu 10 ya karati 18 (yaani sehemu 18 kati ya 24 ni dhahabu) ina gramu 7.5 za dhahabu tupu, na hizo ndizo zinazohesabiwa. Kwa hiyo pambo livae kwa kulipenda. Ukitaka akiba, chagua karati ya juu na ufundi mdogo, utunze risiti yenye uzito na karati, na uulize mapema: nikikurudishia leo hii, utanipa ngapi? Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo hasara unayoanza nayo.

Kaka yangu yuko Houston, anasema akaunti yake ya kustaafu ina dhahabu. Mimi naweza kuomba NSSF wanifanyie hivyo?

Huwezi. Michango ya NSSF huwekezwa na Mfuko wenyewe, mwanachama hachagui. Marekani sheria ya 1997 ilipanua ruhusa ya kuweka dhahabu kwenye akaunti binafsi za kustaafu, lakini kwa masharti: vipande viwe na usafi wa angalau asilimia 99.5, isipokuwa sarafu chache zilizotajwa kisheria, na vitunzwe na taasisi iliyoidhinishwa, ambayo hutoza ada. Mwaka 2021 mahakama ya kodi huko iliamua kuwa sarafu zilizowekwa nyumbani zihesabiwe kuwa zimeshatolewa kwenye akaunti, zitozwe kodi. Mwulize kaka yako zake ziko wapi.

Kuna mtu hapa Arusha ananiuzia dhahabu ya machimboni kwa nusu ya bei. Ninunue?

Usinunue, hata gramu moja. Biashara ya dhahabu ghafi inataka leseni ya Tume ya Madini, na soko la madini lipo hapo hapo Arusha. Mwenye dhahabu ya kweli ataipeleka huko, ipimwe, alipwe bei kamili siku hiyo hiyo.