Jibu: Mkaa wa pumba za mpunga

Ndugu wa Magu, umeuliza kama pumba zinazorundikana kwenye mashine za kukoboa zinatoa mkaa wa kuuza. Zinatoa, ila usizitumie peke yake: pumba kavu zina majivu karibu asilimia 20, na zikishachomwa kiwango hupanda zaidi. Mteja ataona jiko limejaa majivu, asirudi. Changanya nusu kwa nusu na mkaa wa mabua ya pamba, ambayo huko kwenu wengi huyachoma bure shambani.

Washa moto mdogo, ufunike kwa bomba la bati lenye matundu, kisha rundika pumba kulizunguka. Geuza mara kwa mara. Zikiwa nyeusi zote, tandaza na umwagie maji papo hapo. Ukichelewa zinageuka kijivu, hapo huna mkaa tena.

Mkaa ukikauka, usage uwe unga. Kwa kilo 10 za unga huo wa mkaa, pika uji wa kilo 1 ya unga wa muhogo. Changanya ukiwa moto. Donge likimeguka mkononi, ongeza uji. Likichuruzika maji, litapasuka likikauka. Finyanga madonge, uyaanike kwenye chanja kivulini siku ya kwanza, kisha juani siku tatu au nne. Msimu wa mvua weka paa la nailoni, maana mkaa mbichi huota ukungu na hutoa moshi.