Ukope wa jicho la kushoto kucheza siku nane: lini ni uchovu, lini uende hospitali

Ndugu uliyeuliza, umesema ukope wa chini wa jicho lako la kushoto unacheza hii ni siku ya nane, nyumbani wanakuambia utalia, nawe unahofia kiharusi. Nakujibu kwa yaliyonipata mimi nikinunua dagaa mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika. Wakati wa giza nilikuwa nafika mwaloni saa tisa usiku kusubiri mitumbwi, nikinywa kahawa kikombe baada ya kikombe na kukodolea simu macho kufuatilia bei, huku upepo wa ziwa ukinipiga usoni hadi alfajiri. Siku ya nne au ya tano ukope ukaanza. Nilipojitazama kwenye kioo cha pikipiki niliona ngozi ikitetemeka kidogo, ikatulia, kisha ikaanza tena, ingawa mwenzangu aliyesimama mbele yangu hakuona chochote. Mwezi ulipotoka nikalala usiku mzima, na baada ya siku chache jicho likatulia. Giza lilipoingia tena, likarudi. Hapo nikaelewa kwamba chanzo ni usingizi niliojinyima. Kahawa nyingi, msongo wa mawazo, pombe, sigara na macho makavu huchochea hali hiyohiyo.

Kuhusu kiharusi: hicho hulegeza. Upande mmoja wa uso ukilegea ghafla, mkono ukikosa nguvu au maneno yakikwama, usisubiri kuche; nenda hospitali saa hiyohiyo.

Shangazi yangu wa Ukerewe yake ilikuwa tofauti. Lilianza jicho, baada ya miezi pembe ya mdomo ikawa inavutwa pamoja nalo, hata akiwa usingizini. Tulichelewa zaidi ya mwaka kwa sababu watu walisema ni mambo ya majini, na hilo linaniuma hadi leo. Daktari alitueleza kwamba mshipa wa damu unaweza kugandamiza neva ya uso, na kwamba ipo sindano ya kutuliza misuli, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.

Kwa hiyo lala vya kutosha, punguza kahawa, na usinunue kiholela matone ya macho yenye steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe), kwani yanaweza kupandisha presha ya jicho. Ikipita wiki mbili au tatu bila nafuu, au jicho likifumba lenyewe kabisa, likawa jekundu, likatoa usaha, ukope ukaning'inia, uoni ukapungua au mtetemo ukashuka shavuni, nenda kwa daktari wa macho. Mtajie dawa zote unazotumia, maana baadhi, zikiwemo za kuzuia kutapika, huweza kuchezesha misuli ya uso. Tena jirekodi kwa simu jicho linapocheza, kwa sababu mara nyingi hutulia ukishakaa mbele ya daktari.